Malalamiko: diski za breki mlizochonga badala ya kubadilisha

Kwa Meneja wa tawi la Mbale, nakala ofisi kuu Kampala.

Salaam. Nawaandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe leo naitafuta kwa tochi. Jobu kadi mnayo na gari mnalijua, ile Hiace nyeupe ya abiria, kwa hiyo sitapoteza muda. Nataka tuongee diski za breki za mbele, na huyo fundi wenu mkubwa, na alichonifanyia mbele ya watu.

Shida niliyoleta ilikuwa moja. Ukikanyaga breki pedali inatetemeka mguuni na usukani unacheza, zaidi ukiwa unateremka kutoka Kapchorwa. Ile barabara mnaijua. Ukipita Sipi ni mteremko na kona, gari limejaa watu na magunia, breki zinachemka mpaka harufu inaingia ndani. Hapo si mahali pa kujaribia diski.

Fundi akapitisha kidole akasema diski zimepinda, tunazichonga zinakuwa kama mpya. Mimi nikauliza kitu kimoja tu: zimebaki na unene gani? Maana diski imeandikwa kwenye chuma chenyewe kipimo cha mwisho, MIN TH na namba ya milimita, yangu inasema 26, ikishuka hapo haichongwi wala haifungwi, inatupwa. Nyinyi mnajua haya kuliko mimi, na ile sera yenu ya kupima kwanza mmeibandika ukutani wenyewe. Sasa akafanya nini? Akabana ukingo wa diski kwa kidole gumba na cha shahada, akavitoa vidole vile vile akaviinua juu watu waone, akasema "Mama, hii bado nono, nenda ukae kwa benchi unywe soda, mambo ya chuma tuachie sisi." Watu wakacheka. Na maikromita, chombo chenyewe cha kupima unene, ilikuwa pale pale kwa meza nyuma yake, imelaliwa na kitambaa cha grisi!

Nikalipa kwa mobail mani, 160,000 ya kuchonga, pedi juu yake.

Gari likaenda vizuri kidogo halafu mtetemeko ukarudi mbaya kuliko wa kwanza. Mkanijibu kwa simu eti dereva wangu anakanyaga breki vibaya. Huyo dereva mnayemsema ndiye pedali ilimzamia juu ya Sipi, ikawa laini kabisa, akashuka na gia mpaka akapata pa kuegesha, abiria wakateremka wakakataa kurudi ndani na siwalaumu. Na kabla sijawapigia hiyo simu, fundi wa huko huko Kapchorwa, kijana tu, hana hata bango, alikuwa ameshafungua tairi akapima mbele yangu. Upande mmoja 24.8, mwingine 25.3. Yaani hata hazilingani kushoto na kulia! Mmekwangua mpaka chini ya kipimo na mkafunga gari la abiria. Diski nyembamba haina pa kuweka moto, joto lote linaenda kwa pedi na mafuta ya breki, mafuta yakichemka mguu unakanyaga hewa.

Halafu yale madoa ya bluu yalikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Yale ni chuma kilichoungua kikawa kigumu, unachonga juu lakini ugumu umeshaingia ndani, mtetemeko lazima urudi. Kuna aliyeyaangalia? Kuna aliyesafisha kutu pale diski inapokaa kwenye habu, kile kitovu tairi linapofungwa?

Sisemi kuchonga ni wizi. Diski nene yenye michirizi midogo ichongwe, mtu asipoteze hela kununua mpya bure, na spea feki zenyewe zimejaa. Lakini inayoamua ni namba, siyo mimi na siyo fundi, na hiyo namba mteja ana haki ya kuiona kwa macho yake.

Na kinachoniuma si hela. Narudia ili ofisi kuu isikie vizuri. Mtu mzima nimesimama kwa garaji yenu, nimeuliza swali la kazi, fundi ananiinulia vidole viwili eti ndiyo kipimo. Nikamwambia tumia hicho chombo kwa meza. Akageukia wateja wengine, si mimi, akasema "Huyu mama nikija kwake nimfundishe kupika atakubali?" Keshia wenu naye akacheka mpaka akaweka kichwa kwa kaunta. Dereva wangu, kijana ninayemlipa mshahara, akaangalia chini. Nikaenda kukaa kwa ile benchi. Soda yenyewe sikuletewa.

Nilipoanza kuandika nilitaka mnirudishie ile 160,000 basi. Lakini nikiandika nazidi kuona hiyo ni kidogo. Nataka diski mpya mbili za mbele, zote mbili si moja, na pedi mpya maana hizi zimeliwa upande upande. Zipimwe mbele yangu na namba ziandikwe kwa jobu kadi. Nataka hela ya siku zote ambazo gari limekaa juu ya mawe hapa kwangu. Na huyo fundi aniombe radhi akiwa amesimama pale pale alipoinua vidole, keshia akiwepo.

Mwisho ni Ijumaa. Ikipita naenda kortini kwa kesi ndogo ndogo, wanasikiliza madai mpaka milioni 10 na wakili sihitaji. Na ile karatasi ya kuandikwa kwa mkono mliyonipa kama risiti, URA, watu wa kodi, wataniambia wenyewe kama ndiyo inaitwa EFRIS, risiti yao ya kielektroniki. Diski za zamani nimezifungua ziko ndani ya gunia chumbani kwangu, msitume mtu kuzichukua, hakimu ndiye atakayezipima.

Namba yangu iko kwa jobu kadi. Mkipiga iwe ni kuniambia diski zimefika, siyo kuniambia nipoe.

Mwenye Hiace nyeupe