Kiwewe hakiishi kwa kuambiwa "jikaze"

Mhariri,

Jirani yangu hapa Umoja alinusurika bomu la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, Agosti 7, 1998. Hadi juzi, gurudumu la matatu likipasuka alikuwa akijitupa chini, sukuma wiki zikitawanyika barabarani. Sisi tulimwambia ajikaze (nami nilikuwemo).

Sasa anamwona mshauri nasaha. Hahubiriwi. Anasimulia siku ile polepole, tena na tena, mpaka mwili ukubali kwamba imepita. Kisha wanazoea pamoja sehemu alizokuwa akizikwepa: kwanza stendi, halafu Moi Avenue, karibu na bomu lilipolipuka. Usingizi umerudi, ingawa fataki za Mwaka Mpya bado zinamtesa.

Kaunti iwapeleke washauri hawa kwenye zahanati za mitaa. Ada za kliniki za kibinafsi, kibarua atazitoa wapi?

Msomaji,
Umoja, Nairobi