Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi: Watoto Wapya Katika Shule Yetu ya Katuba

Mama na baba, wazazi wenzangu,

Nawasalimu wote, hata wale ambao kazi iliwazuia kufika. Mwaka huu wa masomo tuliuanza Septemba tukisukumana mlangoni, na tumeumaliza tukisukumana. Kwa hiyo nitasema kidogo kuhusu mengine na kirefu kuhusu hili: nani anapata nafasi katika shule yetu, na akishaketi, anaelewa kinachofundishwa?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Miaka mingi tuliendelea kumlipa mwalimu kutoka mfukoni, mpaka Septemba 2019 serikali ilipoanza kulitekeleza neno hilo. Watoto waliokuwa wakizunguka na sinia za karanga wameingia darasani, na kila ninapowaona asubuhi katika buluu na nyeupe moyo wangu unafurahi. Lakini vyumba ni vilevile. Darasa la kwanza linasoma kwa zamu, asubuhi na mchana, na bado benchi la watoto watatu linabeba watano. Yule wa pembeni anaandika daftari likiwa juu ya goti.

Mtaa wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, nao umebadilika. Lubumbashi ni mji wa wageni tangu ulipoanzishwa 1910 kwa ajili ya shaba. Wengi wetu tukihesabu babu zetu tutafika kwenye gari moshi fulani. Siku hizi familia nyingi zinatufikia kutoka eneo la Kasai, na nyumbani kwao lugha ni Tshiluba. Katika mkutano wetu mzazi mmoja alisimama akaomba watoto "wa hapa" waandikishwe kwanza, wengine wapewe nafasi zitakazobaki. Namheshimu, ila sikubali, na naandika hivyo ili mjue msimamo wangu. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, mkoa wetu wa wakati huo, na maelfu walilala na watoto wao kwenye kituo cha gari moshi cha Likasi wakingoja safari. Wakubwa kati yetu tunayakumbuka. Orodha ya darasa la kwanza isiwe mahali pa kuanzia tena mambo hayo.

Sasa lugha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha zetu za taifa nafasi darasani, na kwetu miaka miwili ya kwanza mtoto hufundishwa kwa Kiswahili huku akijifunza Kifaransa, kisha kuanzia mwaka wa tatu Kifaransa ndicho kinachofundisha. Hata watoto waliozaliwa Katuba hukuta Kiswahili kingine kitabuni. Kitabu kinasema "ugali", wao wanajua "bukari". Kitabu kinasema "watoto wanakwenda shuleni", wao wangesema "batoto beko banaenda ku masomo". Basi mfikirie mtoto wa Tshiluba anayeanza na lugha mbili ngeni kwa mpigo.

Machi niliketi nyuma ya darasa la kwanza. Mwalimu aliinua kikombe akauliza kuna nini ndani. Msichana mmoja, ambaye niliambiwa hakuwa amefungua mdomo tangu alipoingia, akasema taratibu: "Mâyi." Wengine wakacheka. Mwalimu akawanyamazisha, akaandika ubaoni *mâyi* na chini yake *maji*, akawauliza herufi zipi zinafanana. Kisha akamwomba yule msichana awape neno jingine la kwao. Akasema *mwana*, na darasa zima likagundua kwamba neno hilo wanalo. Hakuna franka iliyotumika. Nimemwomba mkurugenzi awape walimu wengine saa moja ya kumsikiliza mwalimu huyo, naye amekubali.

Kuna wazazi wanaotaka Kifaransa peke yake tangu siku ya kwanza, kama shule za kulipia. Naelewa hofu yao, maana mtihani wa taifa wa mwaka wa sita uko kwa Kifaransa. Lakini mtoto anayekariri sauti asizozielewa hajajifunza kusoma, na mwaka wa tatu ndiko tunakowapoteza wengi. Tusiikate miaka miwili ya Kiswahili, tuiombee vitabu.

Kizuizi kingine ni cheti cha kuzaliwa. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 ni bure. Zikipita, inabidi hukumu ya mahakama, na hapo pesa zinaanza kuombwa. Mimi mwenyewe nilimsindikiza mama mmoja mara tatu kwenye ofisi moja, na kila mara bei ilikuwa imepanda. Shule imekubali kuwapokea watoto kama huyo wa kwake huku karatasi zikifuatwa. Wenye watoto wachanga, msingoje.

Hesabu za chama chetu cha wazazi zimebandikwa karibu na mlango wa ofisi. Michango ni ya hiari. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa, niambieni siku ileile. Seremala ametuletea madawati ya darasa la pili, ya la kwanza bado.

Uandikishaji mpya ukianza, natafuta wazazi wawili wanaosema Tshiluba na Kiswahili wakae mezani pamoja na katibu. Walio tayari wanione kabla hatujatoka hapa.