Sailensa niliiua mwenyewe

Uyole, Mbeya

Kaka yangu,

Habari za Iringa? Huku baridi imeshapiga hodi. Jana alfajiri majani ya viazi vya jirani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na mimi nimeandika barua hii nikiwa na koti mbili.

Umeuliza ekzosi mpya, yaani bomba la moshi, ya lile gari la MGB la marehemu mzee itakaa miaka mingapi. Kabla sijakujibu, nikusimulie aibu yangu.

Unaikumbuka ile Datsun 240Z aliyoniachia mjomba, aina ileile iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973. Mwezi uliopita nikitoka mjini nikasikia bodaboda inanguruma nyuma yangu. Nikasogea pembeni nimpishe. Hakupita. Nikapunguza mwendo, naye akapunguza. Nimefika nyumbani ndipo najua bodaboda ni mimi.

Nikaenda kwa fundi kule Mwanjelwa. Kwa nje sailensa ya nyuma, lile kopo la kwenye bomba la moshi, ilikuwa safi kabisa, ile rangi ya fedha niliyoipaka mwenyewe bado inang'aa. Fundi akaigonga kwa mpini wa bisibisi, ikalia kama debe lenye pumba. Akaikata. Zile kuta za ndani zenye matundu, zinazopunguza mlio, hazikuwepo tena; kulikuwa na kutu tu, ya kujaza sahani. Miaka 3, kaka! Na iliyotangulia, ya chuma kilekile cha kawaida, mjomba aliitumia miaka 9.

Ila mjomba alikuwa anaenda Tunduma kila wiki. Mimi gari nimelidekeza. Kila asubuhi naliwasha dakika tano ili betri isife, nazima. Jumapili nalipeleka kanisani, kilomita 2, nazima. Kumbe petroli ikiungua hutoa maji: lita moja ya petroli hutoa karibu lita nzima ya maji, yanayotoka kama mvuke. Bomba likishapata moto, mvuke unapita zake. Likiwa la baridi, unageuka matone, na sailensa ya nyuma ndiyo ya mwisho kupata moto kwa kuwa iko mbali na injini. Dakika tano zangu hazikuifikia hata siku moja. Maji yakalala humo usiku kucha, yakichanganyika na asidi ya moshi, yakaila toka ndani. Rangi yangu ya nje ilikuwa pambo tu.

Kwa hiyo jibu ni kwamba inategemea unavyoliendesha. Kwa safari za sokoni na kurudi, sailensa ya chuma cha kawaida usiitegemee zaidi ya miaka mitatu minne. Ukilitoa mara moja kwa wiki mpaka Mafinga, injini na bomba vikapata moto vizuri, utapata zaidi ya hapo. Ya chuma cha pua inaweza kukuzika wewe na mimi. Mlio wake una ubatibati kidogo, mimi siupendi, lakini nimeinunua hiyohiyo.

Ukienda dukani chukua sumaku ya spika mbovu. Ikigoma kunasa, hicho ni chuma cha pua cha daraja la juu. Ikinasa usiondoke mara moja, maana kuna chuma cha pua cha bei nafuu ambacho hunasa, nacho bado kinakishinda cha kawaida. Hapo muulize muuzaji, kisha mtazame usoni.

Jambo lililoniudhi zaidi ni raba. Zile za kuning'inizia bomba zilikatika zamani, na fundi wa kwanza (siye huyu) alichomelea kipande cha nondo toka kwenye bomba mpaka kwenye bodi. Injini hucheza juu ya raba zake. Bomba lisipoweza kucheza nayo, lazima lipasuke mahali, na chuma cha pua nacho hupasuka vilevile. Raba mpya ni bei ya soda chache. Usikubali nondo.

Mwombe pia fundi atoboe tundu la milimita 3 hivi sehemu ya chini kabisa ya sailensa ya nyuma, maji yapate pa kutokea. Na kama mama watoto analalamika kichwa kumuuma akiwa ndani ya gari, usimbishie. Kwa baridi hii tunafunga vioo, na bomba likivuja chini ya sakafu, kaboni monoksaidi haina harufu ya kukuonya. Lisimamishe siku hiyohiyo.

Kabla hujanunua chochote, zungushia bomba uzi karibu na sailensa, upime urefu wa uzi huo kwa rula, unitumie hesabu. Kipenyo nitakitafuta mimi, najua zako na namba. Na kesho asubuhi usiliwashe.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndimi nduguyo wa Uyole