Shoga, ile "karma hiyo" yako

Shoga angu,

Assalam alaykum, za siku, watoto hawajambo, mama na miguu yake anaendeleaje, mimi mzima namshukuru Mungu, haya salamu zimeisha. Najua umeona nimetoka kwenye grupu, na najua ulimuuliza Dada Mkubwa nimekasirikia nini naye akakujibu "muulize mwenyewe", ila hukuniuliza, na hii ni wiki ya tano. Basi naandika mimi. Nilijaribu kukutumia voisi mara tatu, kila nikifika katikati sauti inakatika nafuta.

Ni ile meseji yako. Usiku ule mto ulivyovunja kingo ukapita na nyumba za bondeni, picha zikaanza kumiminika, wewe ukaandika "karma hiyo jamani, ardhi ya dhuluma haikaliki", na imoji ya mikono juu. Ulimlenga nani najua, yule bwana wa kesi ya kiwanja. Na mimi nikuambie ukweli, astaghfirullah, kwa sekunde moja moyo wangu uliruka. Nikasema kimoyomoyo, haya, kiko wapi sasa. Kumbe nyumba ya yule bwana iko juu kidogo, haikulowa hata zulia. Aliyeondoka na maji ni kitindamimba wa Mama Nasri.

Na Mama Nasri yumo kwenye lile grupu, shoga. Ulisahau. Haandikagi kitu lakini anasoma kila kinachopita.

Nilivyoenda kukaa naye hakunizungumzia maji wala nyumba. Aliniuliza kitu kimoja tu, "kwani mimi nilimdhulumu nani?" Halafu akaanza kuhesabu, eti aliwahi kumnyima jirani ndoo, eti mwaka fulani aliapa uongo kwa mumewe juu ya hela ya nguo. Mtu mzima anahesabu dhambi za ndoo! Sikuwa na jibu, nikasema lile tunalosemaga wote, kazi ya Mungu haina makosa, akaniangalia tu. Tangu siku hiyo hilo neno linanikwama kooni.

Usifikiri nakugeuzia kibao peke yako. Tangu hapo silali vizuri, basi usiku nasoma soma, na nimegundua ugonjwa huu ni wa zamani na wakubwa wameugua kabla yetu. Gandhi mwenyewe, yule yule, tetemeko la Bihar kule India, la Januari 1934, alisema ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwatenga watu wa tabaka la chini walioitwa wasioguswa. Tagore, mshairi mkubwa wa kwao, akampinga hadharani, na Tagore naye hakupenda huo utengano hata kidogo, ila alimwambia hoja ya namna hiyo inawafaa zaidi wapinzani wako, maana nao wanaweza kusema Mungu kakasirishwa na wewe. Hapo nilicheka peke yangu gizani. Si ndo hivyo? Adhabu ni koti linalomkaa yeyote unayemchukia. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, ardhi ikatikisika, mishumaa ikawasha moto, bahari nayo ikaja. Waliokuwa kanisani ndo waliangukiwa na mapaa! Padri mmoja, Malagrida, akawa anahubiri ni ghadhabu ya Mungu watu watubu, huku Waprotestanti kwao wanasema Mungu kawachapa Wakatoliki. Kila mtu na koti lake.

Kilichonifurahisha ni waziri wao Pombal, mtu katili kwa mambo mengine, ila alituma maswali kwa kila parokia: mtikisiko ulidumu muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, nyufa zimetokea wapi. Hakuna swali la nani alizini.

Sasa utaniambia, na kaumu ya Nuhu je, na Adi, na watu wa Lutu? Nakusikia kabisa sauti yako. Sawa, naamini kama unavyoamini. Lakini kule kulikuwa na mtume aliyepewa habari kabla na akawaonya kwa majina yao. Wewe habari ulipewa na nani, na bando la wiki? Na Mtume wetu alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku ile ile, watu wakaanza kusema jua limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Angetaka angenyamaza tu. Akawakataza, akasema jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Na aliyekufa maji, na aliyeangukiwa na jengo, tumefundishwa wanahesabiwa mashahidi. Mashahidi! Sasa mtoto wa miaka minne tumfanye shahidi asubuhi, jioni tumfanye karma?

Na hilo neno karma tuliazima bila kuazima maana yake. Buddha aliulizwa kama kila linalompata mtu ni malipo ya matendo yake ya zamani, akasema wanaodai hivyo wamekosea, mengine yanatokana na mwili tu, mengine na kubadilika kwa hali ya hewa. Wenye neno lao hao.

Lakini na wale wa "ni bahati nasibu tu" nao hawanishibishi. Shemeji kaniambia ajali haina kinga, na siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nikamwambia shemeji, miti ya kule bondeni nani aliipaka mafuta? Mtaro umeziba miaka mingapi? Angalia Haiti, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ukubwa wa 7.0, watu zaidi ya laki moja wakafa, mhubiri wa runinga wa Marekani akasema babu zao walifunga mkataba na shetani. Mwezi uliofuata Chile likapiga la 8.8, nguvu yake kama mara 500 ya lile, wakafa watu 500 na kitu. Ndiyo, la Haiti lilipiga karibu kabisa na mji mkuu, lakini pia Chile walishapigwa na la 9.5 mwaka 1960 na wakaweka sheria kali za kujenga. Shetani hapo yuko kwenye saruji, shoga. Ndo maana neno adhabu linanichoma, linambebesha lawama Mama Nasri na ndoo yake, halafu aliyegawa viwanja kwenye njia ya maji analala usingizi.

Na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ile iliyoua zaidi ya laki mbili. Kuna kisiwa cha Indonesia kinaitwa Simeulue, kiko karibu kabisa na chanzo chake, na watu wake karibu wote walisalimika, waliokufa hawafiki kumi. Walifanya wema gani kuwazidi wenzao wa Aceh ng'ambo pale, wacha Mungu wale? Hakuna. Bahari iliwahi kuwachukua mwaka 1907, bibi zao wakawaimbia wajukuu, ardhi ikitetemeka na maji yakirudi nyuma, kimbia kilimani. Wakakimbia. Yaani wimbo wa bibi. Nikisoma hiyo nalia kila mara sijui kwa nini.

Sasa na mimi nikiri langu. Unakumbuka ule ukuta, nimetoka tu, hata kiatu sijavaa vizuri, ukaanguka. Mpaka leo nasemaga Mungu aliniokoa. Lakini ndani alibaki Bi Mkunga. Nikisema mimi niliokolewa, yeye nasema nini? Nimezunguka hapo wiki tano sipati mlango. Kushukuru siwezi kuacha. Ila naogopa shukrani yangu ni ndugu wa ile meseji yako, tofauti yake imevaa kanga nzuri tu.

Basi. Hasira imepungua kidogo, nadhani niliyemkasirikia zaidi ni mimi na ile sekunde moja ya kufurahi.

Nina ombi. Mpigie Mama Nasri. Usimweleze ulimaanisha nani, atajua na atazidi kuumia. Mwambie samahani, halafu mwache aongee kuhusu mtoto, anapenda kusimulia alivyokuwa anaita mvua "bibi". Usimwambie kazi ya Mungu haina makosa, nishamwambia mimi, inatosha. Utampigia lini? Ile meseji bado inafutika au muda umepita? Na wewe yale mafuriko ya utotoni yaliyoondoka na mbuzi wa babu yako, mlisema ni adhabu ya nini, au hamkusema? Mama aliwaambiaje? Na kwa nini hukuniuliza wiki zote hizi, uliogopa au na wewe ulishajua?

Nijibu kwa maandishi, voisi zako ndefu.

Wako yule yule