Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, Kenya: Vumbi la baraiti lipimwe pia kiasi cha kwatzi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Baraiti ni jiwe zito la salfeti ya bariamu. Hapa Kenya linapatikana Vitengeni, Kaunti ya Kilifi, na likishasagwa hutiwa kwenye tope la kuchimbia visima vya mafuta. Sisi tunaoshughulika na upimaji wa vumbi kazini tuna ombi moja kubwa: mkaguzi akienda kulipima vumbi hili, asirudi na uzito wake tu. Arudi pia na kiasi cha kwatzi, madini magumu ya silika, kilichomo.

Salfeti ya bariamu haiyeyuki, ndiyo maana hospitali huwanywesha wagonjwa kabla ya eksirei ya tumbo. Mtu akiivuta kwa miaka, hutuama mapafuni na kuleta baritosisi. Picha yake inatisha: madoa madogo meupe, yenye kingo kali, yametapakaa pande zote mbili, kwa kuwa bariamu huzuia miale vikali. Lakini kwa kawaida mwenye mapafu hayo haishiwi pumzi, kipimo cha kupuliza hutoka sawa, na akiiacha kazi hiyo madoa hufifia miaka inavyokwenda. Daktari asiyejua mgonjwa wake anasaga nini anaweza kuyasoma kuwa kifua kikuu, na mtu akameza dawa miezi 6 bure. Fomu ya uchunguzi iulize jina la jiwe, na makohozi yapimwe kabla ya dawa kuanza.

Kosa la pili ni baya zaidi. Ikishasemwa kwamba baraiti haidhuru, kila mtu hulegea. Jiwe hutoka ardhini pamoja na mwamba wake, mara nyingi lina kwatzi, na kwatzi ni silika. Vumbi la silika huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu mapafuni, na silikosisi haifutiki. Huweza kuendelea hata mtu akishaacha kazi, tena humweka kwenye hatari ya kupata TB ya kweli. Mwaka 1986 madaktari wa Scotland waliripoti silikosisi kwa wachimbaji wa baraiti.

Tazama hesabu. Pampu ya kiunoni, yenye kichujio karibu na ukosi wa shati, ikivuta lita 2.2 kwa dakika kwa saa 8, hupitisha lita 1,056, yaani karibu mita 1 ya ujazo. Tuseme kichujio kimenasa miligramu 2 za vumbi laini linalofika ndani kabisa ya mapafu. Kikomo cha Marekani kwa salfeti ya bariamu ni miligramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa hiyo kiwanda kimefaulu. Lakini asilimia 5 ya vumbi hilo ikiwa kwatzi, hiyo ni miligramu 0.1, na kikomo cha silika ni 0.05. Kiwanda kile kile kimezidisha mara mbili, na mizani peke yake haiwezi kuonyesha.

Kunyunyiza maji kunafaa machimboni na kwenye kuponda. Kinuni hapana, kwa sababu unga unatakiwa mkavu, karibu wote chini ya mikroni 75. Hapo dawa ni kifyonza vumbi kwenye mdomo wa kujazia magunia. Gunia tupu nalo likaguliwe: anayelikumbatia kifuani ili alikunje hujipulizia usoni unga wote uliobaki ndani. Kitambaa puani hakizuii chembe hizo. Inahitajika barakoa ya N95 au bora zaidi, iliyobana uso usio na ndevu.

Tunaomba pia lebo isiyotaja zaidi ya "bariamu" isikubaliwe. Kaboneti ya bariamu, inayotumika kwenye vigae na sumu ya panya, huyeyuka kwenye asidi ya tumbo, hushusha potasiamu ya damu, hulegeza misuli na kuvuruga mapigo ya moyo. Kikomo cha bariamu inayoyeyuka ni miligramu 0.5.

Kila mwenye kibali cha kuchimba au kusaga baraiti alete cheti cha maabara cha kiasi cha kwatzi, na alete kingine kila anapohamia mwamba mpya.