Barua kwa mwanangu: mashine ya gemu na kilo za korosho

Newala, Jumapili, 14 Septemba 2025

Mwanangu Shaibu,

Barua yako nimeipata Ijumaa kwa mkono wa dereva wa gari la abiria, Noah. Nimeisoma peke yangu, kisha nikaisoma kwa sauti mama yako asikie. Sisi hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, lakini asubuhi anajikongoja mpaka kwenye mikorosho ya nyuma ya nyumba na kurudi na kikapu. Ile ya bondeni imeanza kudondosha, ya juu bado ina maua. Shangazi yako unayekaa naye Mtwara mwambie unga atauona wiki ijayo.

Umeandika: "Baba, uliniambia nisubiri bei ya mashine ya gemu ishuke, na nimesubiri." Ni kweli. Nilikuambia hivyo mwaka 2022, ukiwa darasa la saba, na ulinyamaza ukanikubalia. Kwa hiyo nakujibu kwa urefu, kama ninavyomjibu mtu mzima anayenidai.

Sikuwa nakupiga chenga. Nilisema nililoliona kwa macho. PS2, yaani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony, ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2000 iliuzwa dola 299. Mwaka 2002 ikawa dola 199, na kufika 2009 ilikuwa dola 99. Nilikuwa kijana pale Mtwara mjini, na nakumbuka mabanda ya gemu yalivyoota Chikongola na Magomeni kama uyoga: meza mbili, televisheni za chogo, na watoto wamejipanga nje na sarafu mkononi. Ikaja PS3 mwaka 2006, ile kubwa dola 599, na kabla ya miaka mitatu kwisha iliuzwa dola 299. Basi nikajiwekea kanuni kwamba mashine ikitoka, wewe kaa tu, itakufuata.

Kanuni hiyo imekufa, na mimi nilichelewa kuona. PS5 ilitoka Novemba 2020, dola 499 yenye mdomo wa diski na dola 399 isiyo nao. Siku zile chipu zilikuwa adimu dunia nzima kwa sababu ya korona. Agosti 2022, badala ya kushuka, Sony wakapandisha bei Ulaya, Uingereza na Japani. Mwezi uliopita, tarehe 21, wakaongeza dola 50 Marekani kwenyewe, wakasema hali ya uchumi ni ngumu. Xbox Series X, mashine ya Microsoft, nayo ilianza dola 499, na Mei mwaka huu ikapandishwa mpaka dola 599. Lililonishangaza zaidi ni Nintendo Switch ya mwaka 2017, ambayo Agosti hii wameitoa dola 299 wakaipeleka 339. Mashine ya miaka minane inapanda bei! Zamani kila mwaka chipu ilitengenezwa ndogo zaidi na kwa gharama nafuu zaidi, na nafuu ile ikamfikia mnunuzi. Siku hizi kuipunguza kwenyewe ni ghali, na mwaka huu Marekani wameweka ushuru mpya kwa bidhaa za nje. Kwa hiyo mwanangu, kama tungeendelea kusubiri ile kanuni yangu, ungeoa bado tunasubiri.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Lile daftari langu la jalada la bluu, ninaloandikia bei za mnada wa korosho pale chama cha msingi cha wakulima, ukurasa wa nyuma nimekuwa nikiandika bei ya mashine yako, hiyo PS5. Mjomba wako kila alipopita Kariakoo alikuwa ananiulizia duka lile lile, nami naandika tarehe na bei. Ijumaa usiku, baada ya barua yako, nilikaa na taa nikauweka ukurasa wa korosho pembeni ya ule wa mashine. Hapo ndipo nilipoona kosa langu.

Mwishoni mwa 2023 duka lilitaka milioni moja na laki tano. Msimu ule korosho zilizunguka shilingi 2,000 kwa kilo. Gawanya: mashine ilikuwa kilo 750. Mwaka 2024, mwezi wa kumi, duka likataka milioni moja na laki sita, nami nikasema moyoni, imepanda, tusubiri. Lakini msimu ule mnada wa kwanza tu bei ilivuka shilingi 4,000. Gawanya tena: kilo 400. Hapo sijatoa makato, lakini makato yapo misimu yote. Mashine ilipanda laki moja, na kwetu sisi ikawa imeshuka karibu nusu. Nilikuwa naangalia dola za watu nikasahau kwamba mimi sipokei mshahara wa dola, napokea kilo. Fedha ilipoingia tuliezeka upande wa jikoni, tukalipa deni la salfa ya kupulizia mikorosho, na bado ilibaki ya kutosha. Ilibaki, Shaibu. Nikaiweka nikingoja bei ishuke baada ya Krismasi, na unajua masika yalivyokuwa na bibi yako akalazwa hospitali ya Ligula. Ikaisha. Sijutii ile ya matibabu hata senti. Ila ile miezi miwili niliyokaa nayo bila kukununulia, kwa hesabu yenye makosa, nimekukosea, na nakuomba radhi.

Kwa hiyo tangu sasa bei ya mashine tunaihesabu kwa kilo. Nikishajua mnada umetoa shilingi ngapi na duka linataka ngapi, nagawanya. Ikiwa chini ya kilo 600 tunanunua. Ikizidi, tunachukua PS4 iliyotumika, na usinune: gemu la mpira la mwaka huu, EA Sports FC 26, linatoka tarehe 26 mwezi huu na PS4 bado imo, ingawa ni mashine ya 2013.

Kuna upepo mwingine upo upande wetu. Mwezi wa nne dola ilikaribia shilingi 2,700, na leo haifiki 2,500. Mara nyingi miezi hii ya mwisho wa mwaka shilingi yetu hupata nguvu, kwa sababu watalii wamekuja na mazao yanauzwa nje. Hizo dola 50 walizoongeza Sony, sehemu kubwa imemezwa na shilingi. Lakini mwenye duka aliyeingiza mzigo wake mwezi wa nne hawezi kukuuzia kwa dola ya leo, kwa hiyo ukiulizia bei uliza na mzigo umeingia lini. Na tununue kabla ya mvua kubwa. Unakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipokatika Somanga? Mtwara nzima hata vitunguu vilipanda.

Umenipigia hesabu ya fedha unayoiacha kwenye banda la gemu, nayo ni hesabu nzuri. Shilingi 3,000 kwa wiki, kwa mwaka ni zaidi ya laki na nusu, na huna hata kipande cha waya mkononi. Nimeikubali. Lakini ile sentensi yako ya mwisho, kwamba tungeuza gunia mbili tatu mapema kwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, ili mashine ipatikane mwezi huu, hiyo futa. Wewe ni mtoto wa karani wa mizani. Mtu wa kangomba anakuja sasa hivi, wakati ndani hamna chumvi, anapima kwa bakuli lake, analipa nusu ya bei ya mnada au chini ya hapo, na korosho bado iko mtini. Nimewaona wazee hapa wakisimama kwenye foleni ya malipo mwezi wa kumi na moja kumshuhudia mwenzao akipokea, wao mikono mitupu kwa sababu walikwishauza kwa bakuli mwezi wa nane. Mmoja ni jirani yetu, humjui kwa jambo hili na sitamtaja. Alilia mbele ya mizani yangu. Mashine yoyote ikinunuliwa kwa gunia la kangomba, bei yake ni mara mbili, hata kama duka limetupunguzia.

Sasa aina ya mashine. Usichukue isiyo na mdomo wa diski, hata ikiwa rahisi kwa laki mbili. Gemu kubwa likishushwa kwa intaneti linaweza kufika GB 100. Mtoto wa mwalimu hapa Newala anayo hiyo isiyo na diski. Nilipita kwao jioni moja nikamkuta anakodolea mstari wa buluu kwenye kioo, asilimia 31, bando limekatika, na hilo gemu alikwishalilipia. Siku tatu alikuwa anaangalia mstari ule. Diski unanunua iliyotumika, unaicheza, unabadilishana na wenzako, ukiichoka unaiuza. Hapo ndipo fedha inaporudi.

Ikiwa ya mtumba, usiniletee habari ya "iko poa" mpaka uwe umeiwasha mwenyewe na kucheza si chini ya nusu saa. Sikiliza feni. Ikianza kuunguruma kama mashine ya kusaga, acha. Toa diski na uirudishe mara tano. Chomeka pedi zote mbili, vile vya kuchezea vya mkononi, uzijaribu. Kuna duka moja lilinipa simu miaka ile, ikafa kabla sijafika Mingoyo, na risiti sikuwa nayo. Risiti lazima, na iwe ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Nitanunua na stabilaiza, kwa sababu umeme wa hapa ukikatika si tatizo, tatizo ni unaporudi kwa kishindo.

Mama yako ana neno, na nimemwahidi kuliandika kama alivyolisema. Anasema mwakani ni kidato cha nne, na mtihani hauna mdomo wa diski. Tumebishana usiku mzima, kwa heshima. Yeye alitaka tungoje mpaka umalize mtihani Novemba 2026. Mimi nikamwambia tulishangoja mara moja kwa hesabu mbaya, tusirudie kwa hofu. Tumekubaliana hivi: mashine itanunuliwa msimu huu, itakaa hapa Newala, si Mtwara kwa shangazi, nawe utaicheza likizo. Shule zikifunguliwa, pedi zinakaa kwenye sanduku lake la khanga. Najua wewe ulitaka iwe mjini. Hapo sina la kukupa zaidi.

Jumamosi ukitoka kufua, pita maduka matatu pale sokoni, si moja. Uliza bei ya PS5 yenye diski, uliza ya PS4, uliza mzigo umeingia lini, na uangalie kama wanatoa risiti. Nitumie kwa meseji, usiongeze wala usipunguze. Mimi nitaandika kwenye ukurasa wa nyuma, na mnada wa kwanza ukifanyika nitakutumia kilo zake.

Msalimie shangazi na watoto. Bibi yako anasema ukija likizo umfundishe na yeye, ameshachagua kuwa Simba.

Ni mimi baba yako.