Picha ya kikundi si mandhari ya simu yako

Wanakikundi, habari za jioni. Picha na jina la kikundi tunaviona sote, ndiyo maana tangu leo wanaobadili ni wasimamizi tu. Mandhari ya nyuma ya maongezi ni yako peke yako, weka hata mbuzi wako. Kwenye WhatsApp ya Android: fungua kikundi, gusa vidoti vitatu juu kulia, tafuta mandhari. Epuka picha yenye rangi nyingi. Ukiwa juani utashindwa kusoma meseji.

Mlio: gusa jina la kikundi, ingia kwenye arifa, chagua mlio tofauti na wa meseji nyingine. Kelele zikizidi, usijitoe jamani. Nyamazisha kikundi kwa muda wa saa 8, wiki 1 au daima. Ukitajwa kwa @ bado utapata arifa.